Programu ya Windows inapogoma kwenye Linux: dalili, vyanzo na tiba

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo, mafundi wa Mombasa tunaletewa laptopu nyingi za ex-UK ambazo bado zina nguvu, ila Windows 11 inazikataa, ama kwa sababu prosesa yake ya Intel ni ya kizazi cha sita au cha saba, ama kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kuzihamishia Linux Mint au Ubuntu si kazi ngumu. Ugumu ni ile programu moja ambayo mwenye mashine hawezi kuiacha: ya kutoa risiti katika duka la leso Biashara Street, ya hesabu katika ofisi ya klaringi, ya stoo ya mahindi kule Kongowea. Imeandikwa kwa ajili ya Windows, aliyeiandika hapatikani tena, na ndani yake mna kumbukumbu za biashara za miaka. Mwongozo huu ni wa hiyo programu.

Chombo tunachotumia ni Wine. Mradi huu ulianza mwaka 1993 na toleo lake la 1.0 likatoka Juni 2008. Wine si Windows iliyofichwa ndani ya Linux. Inayapokea maombi ambayo programu ingeyapeleka kwa Windows (nifungulie faili, nichoree dirisha, nipe saa) kisha inayatimiza kwa njia ya Linux, kama ajenti wa bandarini Kilindini anavyomjazia mwenye mzigo fomu ambazo mwenyewe hazijui. Ndiyo maana kugoma kwa programu huwa kwa aina mbili. Huenda kuna faili saidizi au mpangilio uliokosekana, na hiyo inaongezwa. Au programu inataka kukiongoza kifaa fulani kwa draiva ya Windows, na hapo Wine haifiki hata uongeze nini. Ukijua mapema uko upande upi, utamwokolea mteja muda na pesa.

Kabla ya kugusa chochote

Hili naliweka mbele kwa sababu ndilo linaloumiza watu. Ushauri unaozunguka sana ni "futa `.wine` uanze upya". Usifanye hivyo kwenye mashine ya biashara kabla hujaangalia ndani. Foda ya `.wine`, ambayo mafundi tunaiita prifiksi, ndiyo diski C ya programu zote za Windows. Programu nyingi za zamani huweka hifadhidata yake palepale zilipowekwa, ndani ya `drive_c/Program Files (x86)` au moja kwa moja kwenye mzizi wa C. Ukiifuta prifiksi, umefuta madeni ya wateja, bei na stoo yote. Tafuta kwanza faili za `.mdb`, `.dbf` na `.fdb`, kisha nakili kila kitu:

`wineserver -k`
`cp -a ~/.wine ~/wine-nakala`

Amri ya kwanza inazima kila kinachoendeshwa na Wine ili nakala isichukuliwe wakati data bado inaandikwa, kwa hiyo mwambie mteja afunge programu yake vizuri kwanza. Foda ya Documents iliyomo ndani ya prifiksi kwa kawaida ni kiungo tu cha kwenda Documents ya Linux. Hiyo inakiliwe peke yake, maana `cp -a` inabeba kiungo bila yaliyomo.

Halafu, kila programu ipewe prifiksi yake. Ukirundika ya hesabu, ya risiti na ya kuchora mabango mahali pamoja, dawa ya moja itakuwa sumu ya nyingine. Kutengeneza prifiksi mpya ni mstari mmoja:

`WINEPREFIX=~/wine-duka winecfg`

Kuanzia hapo, kila amri inayohusu programu ya duka ianze na `WINEPREFIX=~/wine-duka`. Mifano iliyo hapa chini nimeiandika bila sehemu hiyo ili isomeke kwa urahisi; palipo na `~/.wine`, weka prifiksi yako.

"Fundi, nabonyeza na hakuna kitu"

Ikoni inabonyezwa, kishale kinazunguka kidogo, basi. Usikisie. Fungua terminali, ingia kwenye foda ya programu yenyewe, uiendeshe kutoka hapo:

`cd ~/.wine/drive_c/Duka`
`wine duka.exe 2> ~/makosa.txt`
`grep err: ~/makosa.txt`

Kuingia kwenye foda kwanza kuna sababu: programu nyingi hutafuta faili zake "hapa nilipo", zikiitwa kutoka mahali pengine hazizioni. Wakati mwingine hilo peke yake ndilo lililokuwa tatizo, na tiba ni kurekebisha mstari wa "Path" katika ikoni.

Ndani ya `makosa.txt` utakuta mistari mingi yenye neno `fixme`. Hiyo ni ya wanaoitengeneza Wine, kuwakumbusha kazi ambayo haijakamilika, na mara nyingi haina madhara. Nimeona vijana wakihangaika na `fixme` huku mstari mmoja wa `err` umekaa juu kabisa na umetaja ugonjwa kwa jina. Soma `err` ya kwanza. Zinazofuata aghalabu ni matokeo yake.

Ukiona ujumbe kwamba `wine32` haipo, chanzo ni kwamba programu ni ya biti 32 na Linux yako imewekewa Wine ya biti 64 pekee. Kwenye Ubuntu, Mint na Debian:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`
`sudo apt install wine32`

Kama huna hakika programu ni ya aina gani, andika `file duka.exe`. Jibu likisema PE32, ni ya biti 32. PE32+ ni ya biti 64. Likitaja NE na Windows 3.x, umeshika programu ya biti 16 ya enzi hizo. Windows ya biti 64 haiendeshi programu kama hizo kabisa, lakini Wine mara nyingi inaziweza, na huu ni mmoja wa mahali ambapo mteja anatoka na kitu bora kuliko alichokuja nacho. Ikiwa ni ya DOS tupu, achana na Wine, tumia DOSBox.

Angalia pia `wine --version`. Ubuntu 22.04 na Mint 21 hutoa 6.0.3, ambayo imepitwa sana, Ubuntu 24.04 na Mint 22 hutoa 9.0. Ukiwa kwenye ile ya zamani, chukua Wine mpya kutoka hazina ya WineHQ kabla hujaanza kutafuta mchawi mwingine.

Dirisha linataja faili ya .dll

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote, kwa sababu mashine imekuambia jina la kinachokosekana. `MSVBVM60.DLL` maana yake programu iliandikwa kwa Visual Basic 6, nayo inahitaji `winetricks vb6run` (winetricks ni chombo cha kuiongezea Wine vipande vya Windows). `MFC42.DLL` hutibiwa na `winetricks mfc42`. `MFC140.dll` ni ya familia ya Visual C++ ya 2015 hadi 2022: `winetricks vcrun2022`, au `vcrun2019` kama winetricks yako ni ya zamani.

Tafadhali usiende kupakua faili ya `.dll` moja moja kwenye tovuti za ovyo. Huwezi kujua nani amebadilisha nini ndani yake, mara nyingi ni ya biti isiyolingana, na unaiweka kwenye mashine inayoshika pesa za watu. Winetricks inachukua vifurushi vya Microsoft na kuhakiki alama yake ya kidijitali kabla ya kuviweka.

Programu za hesabu zilizoandikwa kwa Visual Basic huwa na hatua ya pili. Zinafunguka, kisha zinalia "Provider cannot be found" mara tu zinapotaka kusoma hifadhidata. Hapo zinatafuta vipande vya Access. Tengeneza prifiksi ya biti 32, ikiwa Wine yako bado inaikubali, na uviweke humo:

`WINEARCH=win32 WINEPREFIX=~/wine-hesabu wineboot`
`WINEPREFIX=~/wine-hesabu winetricks vb6run mdac28 jet40`

Programu zinazotaka .NET, mfumo saidizi wa Microsoft, zina tabia yake. Wine huja na mbadala wake uitwao Wine Mono, na programu nyingi nyepesi zinaridhika nao. Jaribu huo kwanza. Ikishindikana ndipo uende `winetricks dotnet48`, kwenye prifiksi mpya, ukiwa na subira, maana usakinishaji wake ni mrefu na hula bando. Ila ukishapakua mara moja, vifurushi vinabaki kwenye `~/.cache/winetricks`. Nakili foda hiyo kwenye fleshi, na mashine nyingine utakayohudumia Likoni au Kisauni haitahitaji kupakua tena. Kwa mteja anayenunua bando la siku, hiyo ni huduma kubwa.

Inafanya kazi, lakini tarehe na maandishi yamevurugika

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa dalili hii hainyamazishi programu. Inaiacha iendelee huku ikiharibu kumbukumbu. Mauzo ya tarehe 3 Julai yanaingia kama 7 Machi. Ya tarehe 13 na kuendelea yanaingia sawa, kwa sababu hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo mwenye duka haoni kitu hadi anapokaa kutayarisha VAT kabla ya tarehe 20 na hesabu hazilingani.

Chanzo ni kwamba Linux ilisakinishwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi mbele ya siku, na Wine inaurithisha kwa programu. Andika `locale`. Ukiona `en_US.UTF-8`, umekipata. Wengi hukimbilia `en_GB`, nayo inarudisha siku mbele, lakini programu zinazochukua alama ya sarafu kutoka kwa mfumo zitaanza kuandika pauni kwenye ankara. Mpangilio wa Kenya upo, utumie huo:

`sudo locale-gen sw_KE`
`LC_ALL=sw_KE.UTF-8 wine duka.exe`

Mstari wa pili uandike ndani ya ikoni ili karani asilazimike kuukumbuka; kwenye ikoni utangulize neno `env`. Kisha, kabla ya kumkabidhi mteja mashine, ingiza mauzo ya majaribio ya tarehe 3 ya mwezi wowote, funga programu, ifungue tena, uangalie ripoti ya mwezi. Na kumbukumbu zilizokwisha kuharibika zirekebishwe na anayezijua, pamoja na vitabu vya risiti, si fundi peke yake.

Safu za ankara zikikaa upandeupande, au herufi zikigeuka visanduku, ni fonti za Arial na Times New Roman ambazo Linux haiji nazo. `winetricks corefonts` inatosha.

Risiti haitoki

Gawanya tatizo mara mbili. Chapisha ukurasa wa majaribio kutoka Linux yenyewe, bila Wine. Usipotoka, Wine haina kosa: shughulikia CUPS (mfumo wa uchapishaji wa Linux), kebo, au karatasi. Pwani hapa hewa ya chumvi inakula miguu ya USB, kwa hiyo isafishe kabla ya kushuku programu. Ukurasa ukitoka, printa hiyo itaonekana pia ndani ya Wine bila kusakinishwa upya, na kama risiti inatoka na herufi za ajabu, tengeneza foleni ghafi (raw queue) katika CUPS ili amri za printa zipite zilivyo.

Printa na mizani zinazozungumza kupitia lango la COM (serial) ni hadithi nyingine. Programu inadai COM1, lakini kifaa kimeunganishwa kwa kebo ya USB na Linux inakiita `/dev/ttyUSB0`. Mwambie Wine:

`wine reg add "HKLM\Software\Wine\Ports" /v COM1 /d /dev/ttyUSB0`
`wineserver -k`

Ikikataa kwa kukosa ruhusa, mtumiaji hayumo kwenye kundi la dialout: `sudo adduser $USER dialout`, kisha atoke na kuingia tena. Ikifanya kazi leo na kesho ikagoma, yamkini kifaa kimebadilika kuwa `ttyUSB1` baada ya kuchomolewa. Tumia jina lake la kudumu lililo ndani ya `/dev/serial/by-id/`.

Kuna moja inayowachosha wengi kwenye Ubuntu 22.04. Kebo yenye chipu ya CH340 inaonekana kwa sekunde moja kisha `/dev/ttyUSB0` inatoweka. Angalia `sudo dmesg`. Ukiona jina brltty, ni huduma ya vifaa vya Braille iliyoidhania kebo hiyo kuwa ni kifaa chake. Uliza kwanza kama kuna mtu asiyeona anayetumia mashine hiyo na kifaa cha Braille, kwa sababu kwake huduma hiyo ndiyo skrini. Kama hayupo, `sudo apt remove brltty`, chomoa, chomeka.

Jana ilikuwa sawa, stima ikapotea

Rejista (registry) ya Wine, yenye mipangilio yake, ni faili za maandishi, `system.reg` na `user.reg`, ndani ya prifiksi. Stima ikikatika wakati zinaandikwa, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS au laptopu ambayo betri yake imekufa, zinaweza kubaki nusu. Angalia ukubwa wake kwa `ls -l ~/.wine/*.reg`. Ikiwa mojawapo ni tupu au ndogo mno kuliko ya kwenye nakala, irudishe ya nakala na uendeshe `wineboot -u`. Rejista ikiwa nzima na programu bado inagoma inapofika kwenye data, basi iliyoumia ni hifadhidata yenyewe. Hilo ni jambo la nakala ya jana, na ndiyo sababu ya kumwekea mteja nakala ya kila jioni inayokwenda kwenye diski nyingine.

Dirisha jeusi

Kwa programu za kuchora na michezo. Kama umeweka DXVK, inayochora picha za programu za Windows kwa njia ya Vulkan, kwenye laptopu ya zamani, huenda kadi yake ya picha haina Vulkan 1.3 ambayo DXVK 2 inadai. Iondoe, Wine itarudi kutumia OpenGL. Polepole, lakini inaonekana.

Ambapo Wine haifiki

Programu inayofunguliwa kwa dongo (dongle) ya USB ya leseni, kisoma vidole chenye draiva yake, mchezo wenye kinga dhidi ya udanganyifu inayokaa ndani ya kiini (kernel) cha Windows: usizipotezee usiku. Fomu za Excel za iTax nazo zimejaa makro za VBA (amri zilizoandikwa ndani ya Excel), na LibreOffice haitekelezi makro zote za VBA. Palipo na toleo la ODS (la LibreOffice), chukua hilo. Pasipo nalo, hesabu kwamba unahitaji Windows halisi ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya Linux), kwa VirtualBox au virt-manager. Leseni ya Windows bado ni lazima, na laptopu iwe na RAM ya GB 8 angalau, nusu uipe mashine pepe. Kwenye GB 4 utamtesa mtu bure.

Mashine pepe ikigoma kuwaka na kutaja VT-x, ingia BIOS (F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad) uwashe Virtualization Technology. Ikiandika `VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE`, mara nyingi Linux yako ina kiini cha 6.12 au kipya zaidi, na KVM (mfumo wa mashine pepe wa Linux yenyewe) imeshaishika prosesa kabla ya VirtualBox. Iondoe KVM kwa amri hii, na kwa AMD andika `kvm_amd` badala ya `kvm_intel`:

`sudo modprobe -r kvm_intel kvm`

Ikilalamika kwamba draiva ya kiini haijasakinishwa, kodi -1908, shuku Secure Boot, kinga inayokataa moduli zisizo na sahihi: ama uisajili sahihi ya moduli, ama uizime. Dongo isipoonekana ndani ya Windows, mtumiaji aingizwe kwenye kundi la vboxusers, atoke, aingie tena, kisha dongo ichaguliwe kwenye menyu ya Devices, USB.

Wenye Mac za M1 na kuendelea, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, wajue kwamba prosesa yake si ya Intel. Windows ya Intel haitawaka humo kwa VirtualBox. Njia ni Windows 11 ya Arm ndani ya Parallels au UTM, au CrossOver (Wine ya kulipia) kwa programu moja moja, na dongo yenye draiva ya Intel pekee haitakubali huko pia.

Windows 10 iliyo ndani ya mashine pepe haipati tena marekebisho ya usalama ya kawaida, kwa hiyo ikatie intaneti kwenye mipangilio ya Network. Kwa iTax hiyo haizuii kazi: fomu inajazwa na kuhakikiwa humo, zip inayotoka inapitishwa kwenye foda ya pamoja, na Firefox ya Linux ndiyo inayoipakia.